Final Fantasy VII Remake: kinu ni kile kile, lawama zimehama

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Leo sianzi na grafiki, naanza na bomu. Na nawaambia mapema: nitasimulia mengi ya hadithi yenyewe, kwa hiyo kama hujacheza na unataka kuyaona kwa macho yako, simamisha video hapa, urudi baadaye.

Kwenye gemu la Final Fantasy VII ya 1997, ile ya PlayStation ya kwanza yenye CD tatu, hujamaliza hata saa moja umeshalipua kinu cha Mako, nishati inayonyonywa kutoka kwenye uhai wa sayari. Umelipua wewe. Cloud, ambaye ndiye unayemchezesha, Barret na wenzao wa kikundi cha waasi cha Avalanche wametega bomu, kinu kimeteketea, na raia wamekufa. Mbele kabisa ya hadithi Cait Sith, mwenzao wa baadaye, anamuuliza Barret ana kwa ana kama anajua ni watu wangapi walikufa siku ile, na Barret hana jibu la maana la kumpa.

Sasa weka Remake ya 2020, yaani gemu lile lile lililotengenezwa upya. Jiji ni lile lile la Midgar, kinu kile kile. Ila safari hii bomu la Jessie, mtengeneza mabomu wa Avalanche, linaharibu kidogo tu, halafu Rais wa Shinra, kampuni inayomiliki vinu na kulitawala jiji, anaamuru kinu chake mwenyewe kimaliziwe kuvunjwa, ili Avalanche wabebe lawama. Sisi tunaona, wao hawajui. Jessie anabaki anajiuliza amekosea wapi kwenye vipimo vyake. Mimi jambo hili limenisumbua sana. Tukio limetengenezwa vizuri mno, lakini mzigo uliokuwa mabegani mwa mashujaa wetu umehamishiwa kwa tajiri mwovu.

Hapo hapo Remake inafanya kitu kikubwa ambacho lile la zamani halikufanya. Ukitoka kinuni unatembea katikati ya uharibifu: barabara zimepasuka, moto, watu wanawatafuta ndugu zao. Mwaka 1997 unapita mtaa ule mbio mbio, unakutana na msichana anayeuza maua, unaendelea. Hapa unalazimika kuwatazama watu usoni.

Na hiyo ndiyo nguvu ya gemu hili. Midgar, ambayo zamani ilikuwa saa chache za mwanzo, sasa ndiyo gemu zima: sura 18, na mimi zilinichukua zaidi ya saa 35. Matajiri wanaishi juu, kwenye majukwaa makubwa ya chuma, na maskini wako chini kwenye mabanda ambako ukiinua macho unaona vyuma badala ya anga. Jessie, ambaye zamani alikuwa na mistari michache ya maandishi, sasa anakupeleka usiku nyumbani kwa wazazi wake. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Shinra, yuko kitandani, ameumizwa na Mako. Baada ya kumwona yule mzee huhitaji tena kuelezwa kwa nini binti yake anatega mabomu.

Kwa hiyo Shinra wanapoliangusha jukwaa juu ya Sekta ya 7, mtaa wa akina Jessie, ulitakiwa kuumia maradufu. Jessie anakufa mikononi mwa Cloud, na pale kweli nililia. Lakini kisha? Wakazi wengi wanawahi kukimbia. Wedge, mwenzake wa Avalanche, anapatikana hai. Mwishoni Biggs, wa kikundi hicho hicho, naye tunamwona kitandani, anapumua. Mwaka 1997 hawa watatu walikufa wote na mtaa wao ukafukiwa, basi. Watengenezaji wametufundisha kuwapenda watu hawa kwa saa nyingi, halafu wakaogopa kutuacha tuomboleze.

Kuhusu mapigano sina malalamiko. Zamani ulisubiri mstari wa zamu ujae, ndipo uchague shambulio kwenye menyu. Mstari huo bado upo, ila sasa unakimbia, unakwepa na kupiga mwenyewe, na kila pigo linaujaza haraka. Ukijaa, unabonyeza, muda unakaribia kusimama, unachagua uchawi, dawa au pigo maalumu kwa utulivu. Adui wa kuruka? Hamia kwa Barret umtungue kwa bunduki yake ya mkononi. Amezidiwa na kuyumba? Mpe mwenzao Tifa nafasi, utaona ngumi. Na silaha ya zamani huitupi, maana kila moja ina ujuzi wake wa kujifunza na unaiimarisha kadiri unavyoendelea. Hapa mpya imelipita la zamani, nasema bila kusita.

Kinachochosha ni kujazia: kujipenyeza polepole kwenye nyufa, kutafuta paka wa mtoto, kuendesha mikono ya mashine kule Sekta ya 6. Kata hayo, gemu linapungua saa kadhaa na halipotezi chochote.

Lakini kosa kubwa ni Sephiroth, adui mkuu wa hadithi. Kwenye la zamani, ndani ya Midgar humwoni kabisa akiwa amesimama mbele yako wakati huu wa sasa. Unafuata michirizi ya damu ndani ya jengo la Shinra, unamkuta Rais amekufa na upanga mrefu mgongoni. Yule ambaye hujamwona ndiye anakutia hofu. Remake inamleta mapema mno, kisha inakupa vizuka vyenye majoho vinavyolinda hadithi isiende tofauti na ilivyoandikwa. Barret anachomwa upanga, vizuka vinamrudishia uhai. Saa za mwisho unapigana na majaaliwa yenyewe, halafu na Sephiroth, kabla hujatia mguu nje ya jiji.

Ushauri wangu: kama hujacheza lolote, anza na la 1997. Linapatikana mpaka kwenye simu, na wahusika wake wenye nyuso za mabokisi utawazoea ndani ya dakika kumi. Ukitoka Midgar na kuona dunia nzima imefunguka mbele yako, hapo weka Remake, maana vile vizuka havina maana kwa asiyejua vinalinda nini. Ukishaimaliza, Rebirth ya 2024, mwendelezo wake, iko kwenye PS5, na hiyo ndiyo nitakayoichambua wiki ijayo.