Ekzosi ya pikipiki ya spoti: ununue ipi kwanza, uache ipi dukani

Nilikuwa nimeshapita Mtito Andei, natoka Mombasa naelekea Nairobi na Yamaha R6 yangu ya 2008, sauti ilipobadilika ghafla. Mngurumo uliokuwa mzito na safi uligeuka kuwa mkwaruzo wa bati. Nilisimama kando ya barabara kabla ya Kibwezi, nikachuchumaa nyuma ya pikipiki. Ribiti tatu za mwisho wa sailensa zilikuwa zimelegea, kifuniko kimechomoka upande mmoja, na pamba ya kioo ya ndani ilikuwa ikitoka kwa mafundo ya kijivu, kama sufi inayotoka kwenye mto uliopasuka. Sailensa ile niliuziwa ikiwa na nembo ya kampuni kubwa ya Ulaya. Ilikaa wiki saba.

Tangu siku hiyo nimefungua na kufunga ekzosi nyingi, zangu na za wenzangu, na kosa ninalokutana nalo ni lile lile. Mtu anahesabu bei ya bomba peke yake. Hahesabu pesa ya kuipanga upya injini baada ya bomba kufungwa, na hiyo ndiyo inayoamua kama umenunua nguvu au umenunua kelele. Mpangilio wangu hapa chini umefuata hesabu hiyo.

Kwanza, bomba linafanya nini

Wengi wanaambiwa kwamba moshi ukibanwa kidogo injini inapata nguvu. Si kweli. Vali ya kutolea moshi inapofunguka, gesi ya moto inatoka kwa kishindo na kukimbia ndani ya bomba. Kishindo hicho kikifika mahali bomba linapopanuka au linapoungana na mengine, wimbi la mvuto hurudi nyuma kuelekea kwenye silinda. Likifika wakati vali ya moshi bado haijafunga na ya hewa imeshaanza kufunguka, linafyonza mabaki ya moshi na kuvuta hewa mpya iingie. Likifika mapema au likichelewa, halisaidii kitu. Urefu na upana wa bomba ndivyo vinavyoamua wimbi lifike kwa wakati kwenye mizunguko gani ya injini.

Ndiyo maana Honda CB750 ya 1969, iliyotoka kiwandani na mabomba manne na sailensa nne, ilibadilika tabia mwaka 1971 Mjapani Hideo Yoshimura alipoyaunganisha mabomba yote manne yakawa moja. Uzito ulipungua na nguvu ikaongezeka. Mpaka leo heda, yaani mabomba yanayotoka kwenye kichwa cha injini, za silinda nne huja kwa namna mbili: nne kwenda moja, zinazopendelea mizunguko ya juu, na nne kwenda mbili kisha moja, zinazoijaza nguvu ya katikati. Kama unapita Moi Avenue kila siku na kwenye uwanja wa mashindano unaenda mara mbili kwa mwaka, hiyo ya pili itakufaa zaidi.

Yamaha waliongeza vali ndani ya bomba lenyewe, ile iitwayo EXUP, inayobana njia ya moshi mizunguko ikiwa chini na kuiachia ikipanda, ili mawimbi yasiharibu nguvu ya chini. Suzuki nao wana ya kwao. Fundi akikuambia "hii toa tu, haina kazi," muulize nguvu ya chini itatoka wapi. Tena ukiitoa bila kuidanganya kompyuta ya injini, taa ya injini itawaka na haitazimika.

Halafu kuna mchanganyiko

Pikipiki za kisasa hutoka kiwandani zikiwa na mchanganyiko mkavu, yaani petroli kidogo kwa hewa nyingi, ili zipite vipimo vya moshi vya Ulaya. Sensa ya oksijeni hujaribu kuushika uwiano wa 14.7 kwa 1 unapokwenda taratibu. Ukivuta mafuta yote sensa haiulizwi tena, kompyuta inafuata ramani, yaani jedwali la kiasi cha petroli, iliyoandikwa kiwandani, na ramani hiyo iliandikwa kwa bomba la kiwandani. Injini ikiwa kwenye mzigo inataka uwiano wa karibu 13. Ukifunga bomba linalopitisha zaidi na ramani ikabaki ile ile, mchanganyiko unazidi kukauka. Utasikia milio ya pa-pa-pa ukiachia mafuta. Vijana wengi wanaipenda milio hiyo. Mimi nikiisikia natafuta mambo mawili: mchanganyiko uliokauka, au gasketi inayovuja na kuingiza hewa.

Sisi wa pwani tuna jambo la ziada. Mombasa iko usawa wa bahari, Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, na hewa ya Nairobi ni nyepesi kiasi kwamba injini isiyo na taabo (turbo) hupoteza karibu asilimia 17 ya nguvu zake. Pikipiki za injekta zina sensa ya kupima hewa na hujirekebisha. Za kabureta hazijui kitu. R6 za 1999 hadi 2002 ni za kabureta, injekta ilianza 2003. Ukiwa na hiyo ya zamani na jeti, yaani vitundu vya kupitisha petroli kwenye kabureta, zikapangwa Mombasa, ukifika Nairobi plagi zitakuwa nyeusi kwa masizi. Kwa hiyo mwambie fundi mapema wapi unaendesha zaidi.

1. Sailensa peke yake, ya kampuni ya kweli, na kipunguza sauti chake ndani

Hii waendeshaji wanaiita sliponi. Unatoa sailensa ya kiwandani, unaweka nyingine, heda unaziacha. Nguvu utakayopata ni ndogo sana, kwenye injini ya cc 600 mara nyingi haifiki hata nguvu-farasi mbili, na anayekuahidi kumi anakudanganya. Unachopata kwa hakika ni uzito kupungua kilo kadhaa, sauti nene, na injini iliyobaki salama kwa sababu mchanganyiko haubadiliki sana. Kama sliponi imeacha katalisti, ile sehemu ya bomba inayosafisha moshi, mahali pake, mara nyingi huhitaji hata kuigusa kompyuta.

Naiweka namba moja kwa sababu wengi wetu tunaendesha barabarani. Akrapovič ya Slovenia, Yoshimura ya Japani, Arrow na LeoVince za Italia, Two Brothers ya Marekani, zote hutengeneza sliponi kwa modeli nyingi, na bracket, springi na bolti zake ndani ya boksi. Kwa kawaida bei huko kwao ni mamia ya dola. Usisahau usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 ukiingiza Kenya. Nimeona mtu anaagiza kwa furaha halafu anakaa wiki tatu akitafuta pesa ya kuikomboa. Delkevic ya Uingereza ni ya bei nafuu kuliko hizo, ya stenlesi, haina mbwembwe, na kwa mfuko mdogo naipendekeza bila wasiwasi.

Kile kipunguza sauti cha ndani, kinachoshikwa na bolti moja kwenye mdomo wa bomba, kiache. Mapolisi wa barabarani ni sababu mojawapo, na Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009. Sababu kubwa zaidi ni masikio yako. Kelele ya desibeli 85 kwa saa nane inaanza kuharibu usikivu, na kila desibeli 3 zikiongezeka nguvu ya sauti huwa mara mbili. Safari ya Mombasa hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 480. Piga hesabu mwenyewe.

2. Mfumo kamili wa stenlesi, pamoja na kuipanga kompyuta

Hapa unabadilisha kila kitu kutoka kwenye kichwa cha injini hadi mdomo wa sailensa. Nguvu halisi inapatikana hapa, lakini kwa sharti moja: kompyuta iandikwe upya, au uweke kifaa cha kurekebisha mafuta kama Power Commander, kisha pikipiki ipimwe kwenye daino, mashine ya kupima nguvu. Bila hivyo umenunua mfumo kamili na kupata nguvu ya sliponi, pengine pungufu, huku vali zako zikiungua polepole kwa mchanganyiko mkavu. Ningekuwa na pesa ya kitu kimoja tu, bomba au kupanga, ningenunua sliponi ya bei nafuu na kuipanga injini vizuri.

Nimesema stenlesi makusudi. Upepo wa chumvi wa pwani hauna huruma na chuma cha kawaida. Heda za chuma cha kawaida kule Nyali niliziona zikitoboka kwenye kiungo ndani ya miaka miwili. Stenlesi ya daraja la 304 itapata madoa ya rangi ya chai karibu na bahari, lakini madoa hayo yanasuguliwa yakatoka, na bomba linabaki zima.

3. Mtumba halisi

Waendeshaji wenzetu wanauza pikipiki na kurudisha bomba la kiwandani, kwa hiyo bomba la maana linabaki limekaa chini ya kitanda cha mtu. Litafute. Lishike mkononi, ulitikise: ukisikia kitu kinagonga ndani, pamba imekwisha au bomba la ndani lenye matundu limekatika. Pamba inaweza kujazwa upya, bomba lililokatika ni hasara. Angalia kiungo cha mabomba kwa ndani, ukiwa na tochi, kama kuna nyufa za nywele. Angalia pia pale bracket inapochomelewa, maana pikipiki ikianguka ndipo panapochanika.

Kama ina kasha la nyuzi za kaboni, tazama karibu na mdomo. Ikiwa imegeuka rangi ya kahawia au nyuzi zimeanza kufunguka, gundi yake imeshaungua kwa joto na haitarudi.

4. Titani

Nzuri, nyepesi, ghali. Titani ina uzito wa gramu 4.5 kwa kila sentimita ya ujazo dhidi ya karibu 8 za stenlesi, na ikipata joto hugeuka dhahabu halafu bluu, mandhari ambayo mimi binafsi siichoki. Mfumo kamili wa titani hupita dola 1,500 kwa urahisi. Kwa mtu anayeshindana, sawa. Kwa barabarani, tofauti hiyo ya pesa inanunua matairi mazuri na breki mpya, vitu vitakavyokufikisha kona ya Mariakani ukiwa mzima.

5. Kazi ya fundi wa kuchomelea

Siwadharau mafundi wetu hata kidogo. Kuna mafundi Kirinyaga Road jijini Nairobi na Gerezani kule Dar es Salaam wanaochomelea stenlesi kwa mkono uliotulia kuliko mashine. Ukimpelekea bomba la kiwandani lililotoboka au bracket iliyochanika, atakutengenezea vizuri kwa pesa kidogo. Lakini heda za kupima kwa macho, urefu wowote uliotosha nafasi, zitavuruga yale mawimbi niliyoyaeleza, na utapoteza nguvu ya katikati ambayo kila siku unaitumia. Mpe fundi kazi ya kurekebisha. Usimpe kazi ya kubuni.

6. Nakala na bomba wazi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nakala zinajitembeza kila mahali, kwa dola 50 hadi 100, zikiwa na nembo ya Akrapovič au SC-Project. Alama ya kwanza ya kutazama ni mdomo wa kuingilia: ukiwa wa milimita 51 na ndani ya boksi kuna pete za kupunguza upana ili iingie kwenye pikipiki yoyote, hiyo haikutengenezwa kwa pikipiki yako wala na kampuni hiyo. Kampuni za kweli kwa kawaida hutengeneza kwa modeli moja moja. Tazama pia welding kwa ndani, si kwa nje tu, na uombe namba ya bidhaa uilinganishe na orodha ya kampuni yenyewe.

Bomba wazi, lisilo na sailensa kabisa, sitalipanga hata nafasi ya mwisho. Linaharibu mchanganyiko, linaamsha watoto wa mtaa mzima, na joto lake karibu na mguu ni la hatari.

Siku ya kufunga

Usiku wa kabla, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati za heda, kisha asubuhi nyunyizia tena. Pikipiki iliyokaa pwani ina nati zilizoshikana, na fundi mwenye haraka akikata stadi, ile bolti inayoshika nati, ndani ya kichwa cha alumini, bei ya ekzosi itakuwa ndogo ukiilinganisha na ya kuitoa. Mwaka jana nilimwona fundi mmoja mzee akimzuia kijana wake aliyekuwa ameshanyanyua spana ndefu. "Ngoja, mwanangu," alimwambia, "acha mafuta yaingie kwanza, chuma hakishindwi kwa nguvu." Wakangoja hadi adhuhuri. Nati zote nane zikatoka.

Nunua gasketi mpya za heda, moja kwa kila silinda, kwa sababu za zamani zimeshabonyea. Funga nati zote kwa vidole kwanza, uweke bomba zima likae mahali pake bila kulazimishwa, ndipo ukaze kidogo kidogo kwa kupishana kama kitabu cha modeli yako kinavyosema. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, futa bomba lote kwa spiriti na kitambaa safi, na usiliguse tena kwa mkono mtupu. Mafuta ya vidole yakiungua kwenye titani au stenlesi, alama ya kidole chako itabaki pale.

Iwashe, iache ipate joto, pitisha mkono karibu na kila kiungo bila kugusa ukitafuta pumzi inayovuja. Izime, iache ipoe kabisa, kisha kaza tena nati zote.