TAHADHARI: Dalali huyu anapangisha nyumba kwenye mtaa ambao haupo

Jamani, ukikuta tangazo la nyumba lenye jina la mtaa usilolijua, usitume hela ya kushikia kabla hujasoma hapa. Mimi nilituma, na mpaka leo sijarudishiwa.

Tangazo lilivutia: vyumba viwili, maji ndani, geti, picha zimepigwa mchana kweupe. Nikaandika jina la mtaa kwenye programu ya kutafutia nyumba, ikanimwagia nyumba za jiji zima. Kwenye ramani nako alama ikatua katikati kabisa ya jiji, juu ya mzunguko wa barabara. Hapo ndipo ningeshtuka. Programu nyingi zisipolitambua jina hazikwambii. Zinarudi kwenye eneo kubwa zinalolijua, kama wilaya au jiji, na kuchomeka alama katikati yake. Ile haikuwa nyumba. Ilikuwa ni programu imekosa jibu.

Nikamuuliza dalali. "Mtaa mpya huo dada, ramani bado haijaupata. Kuna watu wawili wanakuja kesho, wahi utume ya kushikia."

Nikaomba namba za latitudo na longitudo. Akatuma zenye tarakimu mbili tu baada ya nukta, nami nikaridhika! Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo tarakimu mbili zinakuacha kwenye eneo la kilomita nzima. Ukitaka kulifikia geti unahitaji angalau nne, zinazokushusha hadi mita 11 hivi.

Siku ya kwenda kuona, nyumba ikawa "imeshachukuliwa", ila ipo nyingine jirani. Nikafika, nikamuuliza mzee mmoja njia. Akacheka: "Hapa hapajawahi kuitwa hivyo." Akanitajia jina la siku zote. Nikaliandika kwenye simu palepale: mafuriko, ugomvi wa mipaka, wapangaji wanalia. Lile jina la dalali halikuwa na habari mbaya hata moja, maana halikuwa na habari yoyote. Kumbe ndiyo kazi yake.

Sisemi kila jina geni ni utapeli. Wakazi wanaweza kuwa na jina lao, hati ina lingine, ramani ina la tatu, na herufi moja ikikosewa hupati kitu. Hata miji mikubwa haijasalimika: mwaka 2017 wakazi wa Harlem, New York, walikuja juu mawakala wa nyumba walipoanza kuiita sehemu ya kusini ya mtaa wao "SoHa". Lakini mwenye nyumba mkweli ukimwambia ramani haioni, anakutumia eneo lake mubashara akiwa amesimama getini, anakutajia jina la zamani, shule iliyo karibu, na jina lililo kwenye hati. Huyu wangu kila nilipouliza mahali, alinijibu habari za malipo.

Baadaye nilizitafuta zile picha mtandaoni, nikazikuta kwenye matangazo mengine mawili, kila moja na mtaa wake. Nimeyaripoti yote. Jana limetoka jipya, na jina jipya tena. Mtalijua kwa picha ya jikoni: kigae kimoja pembeni ya sinki kimepasuka kona.