Mpini wa jembe wa kupimiwa: uzoefu wangu na fundi wa Dodoma

Kama ndiyo unaanza kulima kwa mkono na kiuno kinakuuma kila jioni, kabla hujatafuta dawa ya kuchua, angalia mpini wako. Nasema hivi kwa sababu nimelima msimu mzima kwa mpini wa dukani, msimu uliofuata kwa wa kupimiwa, shamba lile lile upande wa Mpunguzi, barabara ya Iringa, mtama na zabibu kidogo. Tofauti ni kubwa.

Mimi ni mmoja wa watumishi tulioletwa Dodoma na uamuzi wa Serikali wa 2016 wa kuhamia makao makuu. Nimekulia Dar, jembe nilikuwa nalijua kwa kuliona. Ukifika dukani hapa mjini unachagua kichwa cha jembe kwa uzito, halafu mpini unauchomoa kwenye fungu lililoegemezwa ukutani. Yote inalingana. Mrefu, mfupi, mwenye kiganja kipana, mwenye vidole vyembamba kama vyangu, wote mnatoka na mpini uleule. Hakuna anayekuuliza utaushikaje.

Fundi niliyeelekezwa ni mzee wa Kigogo anayefanyia kazi uani kwake, maeneo ya Sabasaba. Nilimwamkia "Mbukwenyi, mzee," akaitikia "Mbukwa," na kabla hajazungumzia bei akaniomba nimwonyeshe ninavyolima. Nikainama, nikapiga mara chache kwenye mchanga wa uani. Akasema, "Mwanangu, wewe unalibana jembe. Hebu lete hiyo mikono."

Alinisimamisha wima, akasimamisha fimbo ubavuni kwangu, akaitia alama kwa kaa, juu kidogo ya kitovu. Kisha akaniambia niiname nayo, akatazama mgongo wangu kutoka pembeni, akashusha alama kwa upana wa vidole viwili. Urefu ndio huo, umeisha. Muda wake mwingi aliutumia kwenye unene, na hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho sikuwahi kuambiwa na mtu.

Ukishika mpini, kidole gumba kinatakiwa kikutane na ncha ya kidole cha kati bila kujilazimisha. Ikibaki nafasi kubwa, mpini ni mnene na utaubana ili usikuponyoke. Ukibana, misuli inakaza kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, bega linapanda, na jembe unalishusha kwa nguvu zako badala ya kuliacha lishuke kwa uzito wake. Mpini mwembamba kupita kiasi nao unakufanya ubane vilevile, kwa kuwa unazunguka mkononi. Mzee alikuwa akichonga kidogo kwa tezo, ananipa nishike, anaupokea, anachonga tena. Mwisho akaukwangua kwa kipande cha chupa, akapitisha msasa, akaupaka mafuta ya alizeti.

Huo ulaini si urembo. Mkono wa nyuma unakaa mwishoni mwa mpini, wa mbele unatembea: unakuwa karibu na kichwa cha jembe wakati wa kunyanyua, unateleza kurudi nyuma linaposhuka. Kwa mpini wangu wa zamani, wenye vibanzi na wenye unene usio wangu, mkono wa mbele ulikuwa umeganda mahali pamoja, na malengelenge yalikuwa yanatokea chini ya vidole mahali palepale kila wiki. Sasa mkono unateleza wenyewe. Nanyanyua hadi usawa wa kifua tu, naliachia, linaingia. Jirani yangu wa shamba, mama ambaye amelima tangu utotoni, aliniangalia akasema, "Baba, leo unalima, jana ulikuwa unapigana."

Mzee pia alirekebisha pembe kati ya jembe na mpini. Jembe likifunguka sana linakwaruza juu juu. Likifunga sana linavuta udongo na kuja miguuni. Pembe hiyo aliipata kwa kuchonga kichwa cha mpini, kile kinene kinachokwama kwenye tundu, bila msumari wala kabari. Mpini unapitishwa kwenye tundu hadi ukwame, kwa hiyo kila unavyopiga ndivyo jembe linavyozidi kukaza.

Mti alioutumia ni mkole, mgumu lakini unaopinda kidogo bila kuvunjika, aliokuwa ameukausha kivulini. Kwa hali ya hewa ya hapa hilo lina uzito wake. Dodoma mvua ni msimu mmoja, kama Desemba hadi Aprili, halafu kiangazi kirefu kinachokausha kila kitu. Mpini wa mti mbichi ukikutana na Julai ya huku unasinyaa, jembe linaanza kucheza. Watu hulitumbukiza kwenye ndoo ya maji ili mti uvimbe. Linakaza siku hiyo, mti ukikauka mnarudi palepale.

Yasiyonifurahisha yapo. Nililipa shilingi 8,000, na hiyo inazidi sana mpini wa dukani. Mzee hana haraka kabisa: aliniambia nirudi "kesho kutwa" na ikapita zaidi ya hapo, wakati mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha na wenzangu wanapanda. Nenda Oktoba, usisubiri mawingu. Tena hapimi mtu kwa niaba ya mtu. Nilitaka kumchukulia mke wangu mpini wa palizi, mzee akakataa, akataka mke wangu aje mwenyewe. Alikwenda, na wake ukatoka mfupi na mwembamba kuliko wangu. Nikijaribu kuutumia naanza kubana upya.

Ukienda, beba kichwa cha jembe utakalolimia, kwa sababu matundu hayalingani na mpini unachongwa kufuata tundu hilo. Na vaa viatu unavyolimia. Kisigino kirefu kinabadilisha kipimo.