Mzunguko au kibao cha kusimama: kipi bora kwenye njia panda isiyo na taa?

Madereva hubishana sana kuhusu hili, na wengi hujibu kwa mazoea tu. Kwa usalama, mzunguko unaongoza. Njia panda ya barabara nne ina sehemu 32 ambapo magari yanaweza kugongana. Mzunguko wenye safu moja tu ya magari una 8. Umbo lake hukulazimisha kupunguza mwendo, na kwa kuwa wote mnazunguka upande mmoja, kuvaana uso kwa uso ni nadra. Kanuni yake ni nyepesi: aliye ndani apite kwanza. Uingereza iliifanya sheria mwaka 1966.

Kibao kina nguvu zake. Hakihitaji eneo kubwa, gharama yake ni ndogo, na mtu asiyeona husikia gari likisimama ndipo avuke. Lisimame kabisa, tafadhali! Kutambaa polepole ni kosa, na ndivyo watu wanavyogongwa.

Kwa foleni, mzunguko hupitisha magari haraka, ila upande mmoja ukifurika bila kukatika, wengine watangoja sana. Kwenye mtaa mwembamba wenye watoto wa shule ningeweka kibao. Barabara za mwendo kasi zinapokutana, mzunguko.