Mashine ya kufulia ya matenki mawili, kilo 10: miezi 8 kwenye nyumba ya watu 11 na karo moja, Mwanga Kigoma

Nianze na idadi yetu maana ndiyo iliyonifanya ninunue. Tupo 11 ndani ya nyumba, mimi na baba watoto, watoto 6, mama mkwe na wadogo zangu 2 wanaosoma. Udongo wa huku mnaujua ulivyo mwekundu, mtoto akiteleza mara moja njiani hilo shati jeupe la shule limekwisha, na mboga zetu karibu zote ni za mawese, sasa tone la mawese kwenye shati jeupe sihitaji kulieleza. Kwa hiyo nguo hazijawahi kwisha hapa, na maji yote ya nyumba, choo, bafu, jikoni na kufua yalikuwa yanaingia karo moja la maji taka.

Kabla ya hii tulikuwa na ya otomatiki, ile ya kufunguliwa juu, shemeji alituachia alipohamishwa kikazi. Jamani ile mashine niliipenda. Jumamosi asubuhi naingiza nguo nabonyeza naenda zangu sokoni, mpaka saa saba mchana imeshapiga mikupuo 6. Baada ya kama mwaka choo cha ndani kikaanza kusita, ukimwaga maji kinabubujika kwanza ndio kinashuka, halafu harufu jioni upande wa bafu. Mwezi wa 1 mvua zimekolea ndio nikakuta maji meusi yanachuruzika pembeni ya mfuniko wa chemba, hatua chache kutoka pale mama mkwe anapokaa kuchambua dagaa. Tukaita gari la maji taka likanyonya, tukalipa, wiki ya tatu yakapanda tena yaleyale.

Baba watoto akamleta fundi mmoja mtu mzima, amejenga makaro mengi huku. Akafungua, akachungulia, akachoma kijiti, akaniuliza, "Mama, Jumamosi hapa mnafanya nini?" Nikamwambia tunafua. Akasema, "Basi hili karo halijajaa, limezidiwa." Akanieleza vizuri kabisa, kwamba uchafu mzito unatakiwa utue chini, mafuta yaelee juu, na yale maji ya katikati ndiyo yatoke kwenda shimo la kunyonya, lile la pembeni linaloyapeleka ardhini, na hiyo kazi inataka utulivu, walau siku nzima. Ukimwaga maji mengi kwa mpigo unakoroga kila kitu, tope linasukumwa mpaka kwenye shimo la kunyonya, linaziba udongo, na udongo ukishaziba hata ukiita gari kila mwezi unanyonya karo tu, shimo bado halinywi. Na mvua zikiwa nyingi ardhi yenyewe imeshashiba, ndio maana lilitushinda mwezi wa 1 na sio wa 7.

Sikumwamini moja kwa moja, nikapima. Nilichomoa hozi ya ile otomatiki nikaielekeza kwenye ndoo za lita 20, mkupuo mmoja ukajaza ndoo 7. Lita 140! Mara mikupuo 6 ni lita 840 ndani ya masaa kama matano, na bado watu 11 wanaoga.

Ndio nikaiuza, mwezi wa 3 nikanunua hii ya matenki mawili, moja la kufulia moja la kukamulia, laki nne na nusu dukani pale mjini. Sitaji kampuni kwa sababu hizi zinafanana mno, ninachokisifia ni aina yenyewe. Tofauti kubwa kwangu ni kwamba hii inakuachia wewe uamue maji yatoke lini na yaende wapi. Otomatiki ikimaliza inamwaga, haikuulizi. Hii unazungusha swichi mwenyewe na hozi unaishika mwenyewe.

Tunavyofua sasa. Tenki la kufulia nalijaza ndoo 3, naweka sabuni, zinaingia nyeupe kwanza, nikizitoa maji hayohayo yanapokea sare za rangi, halafu mwisho madera na nguo za shambani. Kusuuza ni ndoo 3 kwa kila mkupuo. Jumla ndoo 12 kwa mikupuo mitatu, lita 240, ile ya zamani ingekula 420. Na sio Jumamosi tena, tunafua Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na kidogo Jumapili jioni, wadogo zangu walilalamika mwanzoni lakini wamezoea. Maji ya kusuuza hayaingii karo kabisa, fundi alitutengenezea kishimo cha kokoto nyuma kwenye migomba, hozi inaelekea huko. Karo linapata zile lita 60 za sabuni basi. Nepi za mtoto zinasuuzwa kwanza kwenye beseni, hayo maji yanamwagwa chooni, hayagusi migomba. Na mchicha wangu nimeuhamisha mbali na hicho kishimo.

Kitu kingine ambacho sikukijua kabisa ni vinyuzi. Ndani ya tenki kuna kifuko cha wavu kinachokamata, lakini kinaacha vingi, nikavalisha soksi ya nailoni kwenye mdomo wa hozi nikaifunga kwa mpira. Kila wiki naivua, ndani kuna donge la kijivu, laini kama manyoya ya kifaranga, limeshikana na sabuni, linajaa kiganja. Hizi sweta na mablanketi ya nailoni vinyuzi vyake haviozi, fikiria mwaka mzima donge kama hilo kila wiki linaenda kukaa kwenye shimo lako. Sabuni nayo nimepunguza, ya maji badala ya unga pale hela inaporuhusu, kola na mawese nasugua kwanza kwa mkono na sabuni yetu ya mawese ya kipande, na jiki ni kofia moja kwenye nyeupe tu. Zamani nilikuwa namimina jiki mpaka chooni nikidhani nasafisha, kumbe naua wale wadudu wanaosaga uchafu humo ndani.

Sasa mabaya yake. Inataka mtu, huwezi kuiacha ukaenda sokoni, taima ya kufua ni dakika 15 na ya kukamua 5, ukisahau nguo zinakaa na maji. Tenki la kukamulia ni dogo, hiyo kilo 10 ni ya upande wa kufulia, huku kwingine nusu yake hivi, blanketi haliingii. Usipopanga nguo sawasawa inaruka na kugonga kama inataka kutoka nje. Haina pampu ya kutolea maji, yanashuka yenyewe, kwa hiyo lazima ikae juu kidogo kuliko yanakoelekea, sisi tumeijengea kijukwaa cha tofali. Na chini iko wazi, mwezi wa 6 panya walitafuna hozi ya ndani, fundi akabadilisha na kufunga wavu, elfu kumi na tano.

Umeme ukikatika nafungua mfuniko namalizia kwa mkono, ile nyingine nguo zilikuwa zinabaki zimezama mpaka umeme urudi. Maji ya bomba yakiwa madogo najazia kwa ndoo, inapokea tu.

Karo halijapanda tangu tuanze hivi. Mvua za mwaka huu zina kama mwezi na nusu, choo kinashuka vizuri na harufu hakuna, ila kipimo chenyewe kwangu ni mwezi wa 1. Mama mwenye familia ya watu wanne na kiwanja kikubwa anaweza kubaki na otomatiki yake akagawa siku, hana haja ya kuhangaika na hozi. Mwenye watu kama wangu na karo moja, hii ndiyo ningemwambia achukue, na kabla hajalipa aiwashe palepale dukani upande wa kukamua, asikilize kama inalia.