Nililipia siti ya juu ya bawa, Dar–Mwanza: uzoefu wangu

Kazi hunipeleka Mwanza mara kwa mara, na mimi ni yule abiria anayeng'ang'ania kiti kilicho mbele yake ndege ikianza kutikisika. Nimeshajaribu tangawizi, dua, na muziki masikioni. Dua siiachi, lakini kilichonipunguzia hofu kwa kiasi cha kuonekana ni kulipia siti.

Siti hazitikisiki sawa. Ndege inapokutana na hewa iliyochafuka hucheza kwa kuegemea sehemu ya mabawa, ambako uzito wake umekaa, na mkia ndio unaorushwa zaidi. Safari moja nilipangiwa mwisho kabisa, karibu na choo: tulipoingia kwenye mawingu tumbo lilibaki juu, mimi nikashuka. Kurudi, kwenye Airbus A220 ileile, nikalipia safu ya usawa wa bawa. Mawingu yalikuwepo, ila nilihisi kama niko kwenye daladala barabara ya vumbi, basi. Nyongeza niliyotozwa haikufika hata nauli ya teksi ya kwenda uwanja wa ndege.

Kasoro zipo. Dirishani hapo huoni ziwa wala mawe ya Mwanza, unaona bawa tu, na bawa hupinda. Ncha yake inapanda na kushuka mbele ya macho yako. Ndivyo lilivyoundwa: kanuni za ndege za abiria zinataka lihimili mara 1.5 ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa. Najua hayo, na bado naomba siti ya koridoni. Pia angalia usije ukauziwa safu ya mlango wa dharura. Mhudumu atakuuliza kama uko tayari kusaidia kuufungua, na muoga mwenzangu, jibu la kweli unalijua.

Saa ya kuruka nayo ina uzito wake. Kawaida tunaambiwa tupande ya asubuhi, kabla jua halijachemsha ardhi na hewa ya moto kuanza kupanda. Kwa Dodoma nakubali. Mwanza ina mambo yake: usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya Ziwa Victoria, maji yakiwa bado na joto, na radi hujijenga humo hadi alfajiri. Wavuvi wanazijua vizuri. Kwa hiyo msimu wa mvua ndege ya alfajiri siigombanii, hata iwe ya bei rahisi. Nachukua ya saa nne au saa tano.

Siti nzuri haikuondolei mkanda. Mei 2024, ile ndege ya Singapore iliyotoka London ilirushwa ghafla ikiwa angani, abiria mmoja akafariki na wengi wakaumia, wakiwemo waliokuwa hawajajifunga. Ndege yenyewe ilitua salama Bangkok. Tangu hapo wangu naufungua nikienda msalani tu, taa iwake isiwake.

Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa sababu siti hizo huwahi kuisha, na kuna safari nilishalipia, ndege ikabadilishwa dakika za mwisho, nikajikuta nyuma tena. Pesa ilirudi baada ya kupiga simu nyingi. Tunza risiti.