Ryzen 5 5600G na Core i5-12400: nimezitumia zote

Kazi yangu kuhariri video za harusi, hapa Mwanakwerekwe, Unguja. Kwenye karatasi prosesa hizi mbili, yaani bongo za kompyuta, ni pacha: viini 6 vya kufanyia kazi, nyuzi 12 (kazi zinazokwenda kwa pamoja), kasi ya juu 4.4 GHz. Basi nikazipa harusi moja, RAM sawasawa. Core i5 ikamaliza mwanzo. Ryzen niliiacha nikenda kusali laasiri, narudi naikuta bado imo kwenye beni, ngoma ya matarumbeta.

Lakini mwanangu haambiliki. Bila kadi ya grafiki, gemu la mpira kwenye Ryzen linateleza. Kwenye Core i5 wachezaji wanakwenda kama wamekanyaga tope la mikoko. Tena Core i5 ikikazana huweza kufika wati 117, na tukuza, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, haina huruma. Hata hivyo, mimi nimebaki na Core i5. Ryzen kachukua mtoto.